Yume Nikki, Proteus au Everything: Ukitaka Kupotea, Upotelee Wapi?

Mtu aliyezoea michezo ya kompyuta ya mpira, ya magari au ya vita huingia katika mchezo mpya akiwa na swali moja, nalo ni afanye nini ili ashinde. Yume Nikki, Proteus na Everything ni michezo mitatu isiyojibu swali hilo. Hakuna alama zinazohesabiwa pembeni mwa skrini, hakuna mshale unaoonyesha njia, wala hakuna jitu la mwisho linalosubiri kupigwa ili uambiwe kwamba umemaliza kazi. Imewekwa dunia ya ajabu mbele yako, nawe unaachwa humo utembee, utazame na usikilize mpaka utakapotosheka.

Uhuru huo ndio unaofanya kuchagua kuwe kugumu. Maelezo ya michezo hii katika maduka ya mtandaoni yanakaribiana mno, kwa kuwa yote huzungumzia ndoto, upelelezi na dunia zisizo za kawaida, na msomaji anayeyalinganisha anaweza kudhani kwamba akichukua wowote atakuwa amepata kitu kilekile. Sivyo. Nimeicheza yote mitatu, kila mmoja zaidi ya mara moja, na nimewaona watu ninaowapenda wakiuacha mmoja baada ya dakika kumi na kukata shauri kwamba michezo ya namna hii haiwafai, ilhali kosa lilikuwa kuanza na ule usiolingana na tabia yao. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili yao na kwa ajili ya yeyote anayetaka kuonja michezo hii kwa mara ya kwanza.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Maadamu michezo yote mitatu inakutaka upotee, uliza utapotelea wapi, utapotea kwa namna gani, na ni kitu gani kitakachokurudisha. Ubora wa picha, wingi wa maeneo na umri wa mchezo ni mambo ya kuangaliwa baadaye.

Yume Nikki: chumba kimoja na milango 12

Yume Nikki, maana yake shajara ya ndoto, ulitolewa bure mtandaoni mwaka 2004 na mtengenezaji wa Kijapani anayejulikana kwa jina moja tu la Kikiyama. Hadi leo hakuna anayemfahamu hadharani, si kwa sura wala kwa jina halisi. Aliutengeneza kwa kutumia RPG Maker 2003, programu iliyokusudiwa kuwasaidia watu kuunda michezo ya hadithi za mashujaa, yenye mapanga, viwango vya nguvu na mapambano ya zamu kwa zamu, naye akaviweka kando karibu vyote hivyo akabakiza kutembea. Aliendelea kuurekebisha na kuuongeza mpaka toleo la 0.10 lililotoka mwaka 2007, kisha akanyamaza. Mwaka 2018 mchezo huo uliingia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na huko pia haulipiwi.

Unaanza ukiwa msichana aitwaye Madotsuki, jina linaloweza kufasiriwa kuwa mwenye dirisha. Yumo chumbani mwake. Kuna kitanda, meza yenye shajara, televisheni na mlango wa kutokea kibarazani. Ukimpeleka kwenye mlango wa kuingilia nyumbani na kubonyeza kitufe ili aufungue, anatikisa kichwa. Ukibonyeza tena, anatikisa tena. Hakuna maandishi yanayoeleza kwa nini hataki kutoka, na hayatakuja kamwe, bali mchezaji anabaki na kile kichwa kidogo cha pikseli chache kinachokataa, na kwa hakika sijaona katika michezo mikubwa yenye waigizaji na studio za sauti kitu kinachomtambulisha mhusika kwa haraka namna hiyo. Basi unamlaza. Akilala, anajikuta kibarazani, na safari hii mlango aliokuwa anaukataa unafunguka.

Nyuma yake kuna sehemu yenye giza ambayo wachezaji huiita Nexus, yenye milango 12 iliyopangwa kwa mviringo, kila mmoja na sura yake. Mmoja unakupeleka kwenye dunia ya theluji, mwingine kwenye msitu, mwingine kwenye dunia ya mishumaa, mwingine kwenye tarakimu zinazopepesa, na ndani ya dunia hizo mna njia nyingine zinazoingiliana hata usijue tena ulipoingilia. Dunia nyingi kati ya hizo zimejikunja. Ukitembea kushoto bila kusimama hufiki ukingoni, unarudi ulikotoka kwa upande wa kulia, nawe hulitambui jambo hilo mpaka utakapoona kitu kilekile kwa mara ya tatu. Hapo ndipo wengine wanapokasirika na kufunga kompyuta, na hapo ndipo wengine, mimi nikiwemo, tunapopata hamu ya kuchukua kalamu na kuanza kuchora.

Kazi pekee iliyofichwa humo ni kutafuta efekti 24. Efekti ni kitu au sura ambayo Madotsuki anaweza kuivaa akiwa ndotoni: baiskeli inayomwongezea mwendo, mwavuli unaoleta mvua, kichwa cha taa kinachomulika gizani, taa ya kuongozea magari inayowasimamisha viumbe, sura ya paka inayowavuta viumbe wamkaribie. Baadhi zina manufaa, baadhi hazina manufaa yoyote ila zinambadilisha tu. Huambiwi ziko wapi. Hupewi hata orodha ya kukuonyesha zilizobaki. Utazipata kwa kugusa kila unachokiona na kuzungumza na kila usiyemjua, ijapokuwa hakuna atakayekujibu kwa maneno.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu anayeupenda mfano huu ataupenda mchezo wote. Katika moja ya njia ndefu za ndoto kuna nyumba anamokaa msichana mwenye nywele za manjano, ambaye wachezaji humwita Poniko. Anatembeatembea chumbani, hasemi neno. Ukutani kuna swichi ya taa. Ukiibonyeza taa inazimika, ukiibonyeza tena inawaka, na wachezaji walio wengi huondoka baada ya kuijaribu mara mbili. Lakini kila unapoizima taa hiyo, upo uwezekano wa 1 kati ya 64 kwamba kitakachokuwa mbele yako gizani si Poniko tena. Sitaeleza kinachofuata. Ninachotaka msomaji akizingatie ni kwamba Kikiyama aliweka pale kitu cha kutisha kuliko vingi katika kazi yake, kisha akakubali kwamba watu wengi wataingia, watazima taa, watawasha na kwenda zao bila kukiona. Ikiwa wewe ni mtu ambaye ungebaki pale ukibonyeza swichi mara arobaini kwa sababu tu moyo unakwambia kuna kitu, mchezo wako ni huu.

Kuhusu kurudi, Yume Nikki una jibu la wazi kuliko michezo mingine miwili. Popote ulipo, kuna kitufe kinachomfanya Madotsuki ajifinye shavu, akaamka kitandani mwake. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hakuna mchezo ninaoujua unaoyatimiza maneno hayo kwa uaminifu kama huu: utapita jangwani, utashuka mashimoni, utafukuzwa na watu wenye vichwa vya ndege ambao wakikugusa wanakutupa mahali pasipo na njia, na mwisho wa yote ni chumba kilekile chenye kitanda na meza. Efekti ulizozipata zinabaki nawe hata ukiamka. Hata hivyo, mchezo unahifadhiwa mahali pamoja tu, yaani kwenye ile shajara mezani, na ni lazima uwe macho. Kwa hiyo jenga mazoea ya kujifinya shavu na kuandika shajara kila unapopata kitu kipya, hasa kama unatumia kompyuta ya mezani katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa. Nilipoteza jioni nzima kwa kulipuuza jambo hilo.

Ipo tahadhari ninayoitoa kwa uzito wote. Mchezo huu una damu, una viungo vya mwili vilivyotengana, una kisu ambacho mchezaji anaweza kukitumia dhidi ya viumbe wasiomkosea chochote, na mwisho wake, ambao unafikiwa na yule aliyekusanya efekti zote, unagusa kujiua. Picha zake ndogo za kitoto zisikudanganye ukampa mtoto. Vilevile, kama wewe mwenyewe unapita katika msiba au katika kipindi kizito cha moyo, anza na mwingine kati ya hii mitatu, kisha uurudie huu siku ukiwa na nguvu.

Kwa upande wa mashine hakuna mchezo mwepesi kuliko huu. Picha zake zina upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 240, kwa hiyo laptopu ya Windows iliyozeeka, ile ambayo watu huinunua ikiwa imeshatumika, itauendesha bila kupata joto. Ipo pia programu ya bure iitwayo EasyRPG Player inayowezesha michezo iliyotengenezwa kwa RPG Maker 2000 na 2003 kuchezwa kwenye simu za Android, ingawa mimi ninapendelea kibodi, maana kutembea kwa kidole juu ya kioo cha simu kwa saa nyingi kunachosha mkono.

Proteus: kisiwa kinachoimba

Unafumbua macho ukiwa baharini. Mbele yako, nyuma ya ukungu mwepesi, kuna kisiwa, nawe unaelekea huko. Hayo ndiyo mafunzo yote utakayopewa na Proteus, mchezo uliotolewa mwaka 2013 na watu wawili, Ed Key aliyeuunda na David Kanaga aliyeshughulikia muziki. Unaona kwa macho ya anayetembea, kwa hiyo huoni mwili wako wala mkono wako. Miti, vilima na wingu vimechorwa kwa mapande makubwa ya rangi bapa, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi, na mtu akiitazama picha moja tu anaweza kudhani kwamba kazi haijamalizika.

Dakika chache baadaye unagundua kwamba kazi yenyewe imo masikioni. Kila kitu kisiwani kina sauti yake, na muziki unaousikia si wimbo uliorekodiwa ukawekwa nyuma ya picha, bali ni jumla ya vitu vilivyo karibu nawe kwa wakati huo. Ukikikaribia kiumbe kidogo kama chura, anaruka, na kila mruko unatoa noti. Ukimfuata anazidi kuruka, na noti zinapanda na kushuka kwa kadiri ya miruko yake mpaka atakapokupotea majanini. Mvua ikinyesha muziki unabadilika. Ukipanda mlima hadi juu ya mawingu, sauti nyingi zinabaki bondeni na unasikia kitu chembamba, cha mbali, kama mtu anayevuta pumzi. Nilipofika pale mara ya kwanza nilisimama bila kugusa kitufe kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikujisikia kwamba ninapoteza muda.

Kisiwa hiki huundwa upya kila unapoanza, hivyo ramani ya mtu mwingine haitakusaidia, na yako ya jana haitakusaidia leo. Kinachodumu ni majira. Usiku ukiingia, vinukta vyeupe kama vimulimuli vinaanza kukusanyika mahali fulani na kuzunguka kwa duara. Ukienda ukasimama katikati yake, siku zinapita mbio mbele ya macho yako, jua na mwezi vikifukuzana, na unapotulia majira yameshabadilika. Masika yanakuwa kiangazi, kiangazi kinakuwa vuli ya majani yanayopukutika, na vuli inakuwa majira ya theluji ambamo viumbe wametoweka na muziki umebaki nyuzi mbili tatu. Msomaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba hayo ni majira manne ya nchi za Ulaya, na kwamba ule ukimya wa mwisho humgusa hata mtu ambaye hajawahi kuiona theluji kwa macho yake.

Hapa ndipo kipimo changu kinapoonyesha tofauti yake na Yume Nikki. Katika Proteus huwezi kujifinya shavu ukarudi ulipokuwa, kwa sababu kinachokuchukua ni wakati, na wakati haurudi nyuma. Unaweza kukataa kuingia katika lile duara na kubaki katika masika kadiri upendavyo. Lakini ukishaingia, kisiwa cha masika kimekwisha. Kwa kulielewa hilo, watengenezaji waliweka kitu kinachofanana na kadi ya posta: unapiga picha ya mahali ulipo, na picha hiyo inabeba ndani yake kumbukumbu ya kisiwa chenyewe, hata siku nyingine ukiifungua utajikuta hapo hapo. Ninazo chache nilizozihifadhi, na moja kati yake ni ya mti mmoja tu na mwezi, ambayo kwa mwingine haina maana yoyote.

Safari nzima kutoka bahari hadi theluji inaweza kwisha ndani ya saa moja. Wapo waliolalamika kwamba saa moja ni kidogo kwa mchezo unaolipiwa, na wapo waliodai kwamba kitu kisicho na lengo si mchezo hata kidogo. Ubishi huo ulikuwa mkali mno katika miaka ile, na kwa mtu anayetafuta cha kucheza jioni ya leo haumsaidii chochote. La kumsaidia ni hili: usiucheze kwa spika za laptopu. Tafuta hedifoni, hata za bei nafuu, uzime taa na uizime na simu. Proteus bila sauti ni nusu ya Proteus, na nusu inayobaki ndiyo ile dhaifu.

Everything: unapokuwa kila kitu

Mchezo wa tatu ulitolewa mwaka 2017 na David OReilly, msanii wa filamu za katuni kutoka Ireland. Unaanza ukiwa mnyama, na mnyama huyo hatembei kwa miguu, anabingirika, kichwa chini miguu juu, mkakamavu kama kinyago cha mti kilichosukumwa kilimani. Kisha unagundua kwamba unaweza kumwacha ukaingia katika kingine kilicho karibu: jani, jiwe, mti, mdudu. Ukijipunguza unashuka hadi kwenye chembe zisizoonekana kwa macho. Ukijiongeza unakuwa mlima, bara, sayari, kundi zima la nyota. Vitu vinafikiri, na mawazo yao unaweza kuyasoma. Mara kwa mara inasikika sauti ya Alan Watts, mwanafalsafa Mwingereza aliyefariki mwaka 1973, akizungumza katika mihadhara yake kuhusu namna ambavyo kila kiumbe hujiona kuwa kitovu cha ulimwengu.

Ninauheshimu mchezo huu kuliko ninavyoupenda. Wazo lake ni kubwa, na saa ya kwanza ni ya furaha tupu, kwani hakuna aliyewahi kuwa ng'ombe, kisha nyasi ile ile ambayo ng'ombe angeila, kisha dunia iliyowabeba wote wawili, ndani ya robo saa. Lakini kwa kuwa unaweza kuwa chochote, inakuwa vigumu kukijali kitu kimoja. Madotsuki ninamhurumia na kile kisiwa ninakikumbuka, ilhali katika Everything nimekuwa maelfu ya vitu na ninakikumbuka kimoja au viwili. Swali la kurudi halipo kabisa humo, maana huwezi kupotea mahali ambapo kila ulipo ndipo ulipo. Ukiacha kugusa vitufe, mchezo unaendelea kujicheza wenyewe.

Lipo na suala la lugha, na kwa wasomaji wa Kiswahili si dogo. Proteus hauna maneno ya kusomwa wala ya kusikilizwa njiani, na Yume Nikki una menyu fupi tu ambazo mtu huzizoea kwa siku moja. Everything umejaa Kiingereza, tena Kiingereza cha falsafa kinachosemwa kwa mwendo wa mhadhara. Asiyekimudu atabaki na wanyama wanaobingirika, nao pekee hawatoshi kubeba mchezo. Unahitaji pia kompyuta yenye nguvu zaidi au mashine kama PlayStation 4, kwa sababu vitu vinavyochorwa kwa pamoja ni vingi mno.

Nani achukue upi

Mwenye jioni moja tu, aliyechoka na kazi, anayetaka kukaa mahali pazuri bila kuogopeshwa, achukue Proteus, na asisome chochote zaidi kuuhusu. Huo ndio ninaowapa pia wazazi wanaotaka kucheza pamoja na watoto wadogo, kwa kuwa hakuna damu wala matusi, na mtoto wa miaka sita anaelewa kumfukuza chura anayeimba kabla mzazi hajaelewa vitufe. Tahadhari ni kwa wale wanaopata kizunguzungu kwa michezo inayotazamwa kwa macho ya anayetembea. Wao watazame skrini wakiwa mbali kidogo na wageuke polepole.

Asiye na fedha ya kununua, mwenye kompyuta dhaifu na bando la kuhesabu, asisite: Yume Nikki ni wa bure, ni mwepesi kupakua, na ukishaupakua hauhitaji intaneti tena. Lakini nisingependa uchaguliwe kwa ubure wake peke yake, maana unadai malipo ya aina nyingine. Unadai usiku mwingi. Unadai uvumilivu wa kutembea dakika kumi katika dunia yenye kitu kimoja, muziki mfupi ukijirudia, bila kujua kama kitu hicho kipo kweli. Mtu wa kutaka matokeo ya haraka ateseke kwa nini? Aende kwenye kisiwa.

Everything ninamshauri yule ambaye baada ya kucheza anapenda kuzungumza. Wanafunzi wanaoishi chumba kimoja, wanaokimudu Kiingereza, wanaoweza kupokezana kibodi na kubishana kuhusu alichokisema Watts, watapata ndani yake jioni kadhaa nzuri sana. Anayecheza peke yake kwa ajili ya kutulia, sidhani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mtu aliyeupenda mmoja ataupenda na mwingine. Kwa uzoefu wangu, anayeanza na Proteus akaupenda aweza kuingia Yume Nikki na akaona ni mkavu na wa kutisha, lakini anayeanza na Yume Nikki akaupenda huenda kwenye Proteus kwa urahisi, kama mtu aliyezoea kutembea usiku anapotembea mchana. Kwa hiyo kama unazo nguvu za moyo na una nia ya kuijua michezo ya aina hii kwa undani, anza na ule mgumu. Ukishaumaliza na bado ukawa na njaa, upo Yume 2kki, kazi iliyoanzishwa mwaka 2007 na mashabiki wa Kijapani, ambayo watu wengi wameendelea kuiongezea dunia mpya mwaka hadi mwaka. Ni mkubwa kuliko asili yake mara nyingi, na pia haulipiwi, ila mkono wa watu wengi unaonekana: chumba kimoja kina uzuri wa kushangaza, kinachofuata kimejazwa mapambo tu. Upweke wa Kikiyama haukuweza kugawanywa kwa watu kadhaa.

Kwa atakayechagua Yume Nikki nina maelekezo mafupi ya usiku wa kwanza. Tafuta baiskeli kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mwendo wa miguu wa Madotsuki ni wa polepole mno kwa dunia kubwa kama zile. Usiangalie video za wengine wala usisome mwongozo mpaka utakapokuwa umepata angalau efekti sita kwa juhudi yako mwenyewe. Weka daftari kando ya kibodi, chora duara, weka juu yake alama 12 za milango, na kila unapoamka andika umeingia upi na umeona nini, hata kama ni mstari mmoja. Langu lina kurasa 31. Kwenye ukurasa wa 9 nimeandika "mlango wa theluji, nyumba, swichi, hakuna kitu", na chini yake, kwa wino tofauti, miezi miwili baadaye, nimelikata neno "hakuna".